Kamera Iliyovaa Kiatu

Nilifika Mchombe siku ya pili ya msiba, Fidelisi akiwa amekwisha kuzikwa, nikakaa mkekani na wanawake nyuma ya nyumba. Msibani watu hukutazama uso kwanza, wajue wakupe pole ya namna gani, na mimi sikuwa na uso wa kuwaonyesha. Nilitoa pole, nikapokea pole, nikavua viatu, nikakaa. Mchana wali ulipoiva, mjukuu wa marehemu alipita na birika na beseni akitunawisha. Nilikinga mkono wa kulia, akamimina, na mwanamke aliyekuwa pembeni yangu akapiga ukelele: "We mtoto! Huoni maji yanafuka?" Binti akarudi nyuma na birika lake. Mimi nilikuwa bado nimekinga. "Mama, hujasikia moto?" yule mwanamke akaniuliza. Nikamwambia sijasikia. Wakaniletea maji baridi na kijiko, na yule wa pembeni akanisogelea, kama watu wanavyomsogelea mtu waliyemwonea huruma ghafla. "Wewe ni nani wa marehemu?" Nikafikiri. Sikuwa ndugu, sikuwa jirani, sikuwahi kuwa mke. Nikasema, "Alinitengenezea kamera." Akasema marehemu alikuwa fundi viatu. Nikasema ndiyo, najua.

Nilikotoka na jinsi nilivyofika Ifakara havina nafasi hapa. Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa mpiga picha wa Mzee Severini, mwenye studio nyuma ya soko. Studio ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichokatwa kati kwa pazia zito la kijani. Mbele palikuwa na benchi la wateja, kioo, kitana kilichofungwa kwa uzi kisiondoke na mtu, na koti jeusi la suti ambalo nusu ya wanaume wa bonde hili wamepigwa picha wakiwa wamelivaa, wanene kwa wembamba. Ukutani palichorwa maporomoko ya maji na ndege ya abiria ikipita juu yake. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha giza chenye taa nyekundu na harufu kama ya siki, na ukitoka hapo ulikuwa uani kwa Mama Melania, mke wa Mzee, ambako tulikula sote. Mzee macho yalikuwa yameanza kufunga ukungu. Kwa hiyo kulenga kulikuwa kazi yangu, na yeye akabaki na kusafisha na kuchapa, kazi ambazo alisema mikono yake inazijua hata akizifanya usingizini.

Kamera ilikuwa ya Kirusi, ya filamu, ya aina ile ambayo hutazami kupitia lenzi. Unatazama kwenye kidirisha kidogo cha pembeni, na katikati ya kidirisha unamwona mtu wako mara mbili, yeye na kivuli chake, wameachana kidogo. Unazungusha pete ya lenzi taratibu mpaka wawili wale wakutane wawe mtu mmoja. Hapo ndipo unabonyeza. Nimewaeleza wajukuu wangu jambo hili mara nyingi na wananisikiliza kwa adabu, simu zikiwa mikononi. Ilikuwa kamera nzuri, tulivu, haikuwashtua watu kanisani. Ila ilikuwa nzito kama nusu tofali na laini pande zote, haina pa kukamatia. Walioiunda waliamini kwamba kila atakayeishika ana vidole kumi, na vyote vinasikia.

Kidole changu kidogo cha mkono wa kulia kilianza kufa ganzi wakati watu wanaandaa mashamba ya mpunga. Nilidhani ni dawa za kusafishia picha. Kisha kikafuata cha pete. Jioni moja uani nilishika sufuria ya maharage nikaitua chini, na Mama Melania akanusa hewa akauliza nani anaunguza kitu. Kilikuwa kidole changu. Nilicheka, naye akacheka, akanipaka asali. Baadaye kidogo tulikuwa tunatoka misani na Gaspari, kijana aliyefanya kazi stesheni ya reli, ambaye posa yake ilikuwa imekwisha kupokelewa. Nilikuwa naongea, sijui naongea nini, na yeye alikuwa kimya. Mwisho akasimama barabarani. "Kandida," akasema, "nimekushika mkono tangu mlango wa kanisa. Mbona hunijibu?" Nikatazama chini. Kweli, mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wake. Nilikuwa nauona, kama unavyouona mkono wa mtu mwingine. Akasema niende hospitali. Alisema kwa upole, na nataka hilo likumbukwe, kwa sababu ya yale yaliyofuata.

Sikwenda mara moja. Kwanza nilikwenda Lupiro kupiga picha za harusi. Siku hizo daraja halijajengwa. Unavuka mto kwa kivuko, na mimi nilivuka nimekumbatia kamera niliyoifunga ndani ya khanga. Kanisani, padri alipowaambia wavishane pete, nilisogea, nikalenga, nikawaunganisha vizuri katika kidirisha, bwana harusi na kivuli chake, nikabonyeza. Nilibonyeza, au nilidhani nimebonyeza. Kidole cha shahada nacho kilikuwa kimeanza kuondoka bila kuniaga. Sikusikia kibonyezo kikizama, nikabonyeza tena kwa nguvu, na kamera ikaniponyoka kama sabuni. Kamba ya shingoni ikaidaka, ikagonga ukingo wa benchi, na watu wa mbele wakageuka. Niliendelea mpaka mwisho. Mzee Severini alipotoa filamu kwenye maji akaivuta karibu kabisa na jicho lake zuri. "Umetetemeka," akasema. Nikasema sikutetemeka, Mzee. "Basi hawa waliooana walikuwa wanacheza ngoma." Zilizotoka salama zilikuwa za keki. Ilibidi maharusi waje Ifakara, wavae upya, wavishane pete tena mbele ya yale maporomoko ya maji, bibi harusi akiwa amenuna, na zile ndizo zimo kwenye albamu yao mpaka leo.

Daktari hakuchukua muda. Aliliangalia baka jeupe kwenye mkono ambalo mimi nililichukulia kama choa, kisha akanikunja mkono na kupapasa kwenye kiwiko, akaweka kidole changu cha kushoto pale alipokuwa amepapasa. Mshipa wa fahamu ulikuwa umevimba, mgumu kama kamba ya viatu chini ya ngozi. "Ni ukoma," akasema. Dirishani kulikuwa na mbuzi amelala kivulini, nakumbuka nilimtazama yule mbuzi. Akaniambia unatibika, dawa zipo, nitakunywa kila siku mwezi baada ya mwezi, mkojo utakuwa mwekundu nisishtuke, na nikishaanza dawa sitamwambukiza mtu. "Lakini pale ambapo fahamu imekwisha kufa siwezi kukuahidi kitu." Nikauliza kama naweza kuendelea na kazi. Akauliza kazi gani. Nilipomwambia, alitazama mikono yangu kidogo, akasema nipite nyuma, kwenye karakana ya viatu.

Sikuelewa viatu vinanihusu nini. Karakana ilikuwa banda la bati lenye harufu ya gundi na ngozi mbichi, na ndani yake Fidelisi alikuwa anatengeneza kandambili za watu ambao nyayo zao hazisikii, wasije wakakanyaga msumari wakatembea nao kutwa. Alikuwa mtu mzima kuniliko, wa miaka thelathini na kitu, mrefu, na mguu wake wa kushoto haukuwa na vidole. Alikuwa amepona siku nyingi. Nikamwamkia, akaitikia, akaniangalia miguu. "Miguu yangu mizima, kaka," nikasema. "Ni mkono." Akaona khanga niliyokumbatia. "Na hicho ni kitoto?" Nikafungua. Akaichukua kamera, akaipindua, akaipima uzito kwa mkono mmoja, kisha akaniambia niishike kama ninavyoishika kazini. Nikaishika. Aliniangalia muda mrefu. "Unaibana sana," akasema. "Mtu asiyesikia hubana sana, au hulegeza sana. Na ukibana sana, kinachovunjika si kamera, ni wewe." Akanionyesha ndani ya kiganja changu: kona ya kamera ilikuwa imenichora mstari mwekundu ambao mimi sikuwa na habari nao. "Mkono wa namna hii hauwezi kukishika kitu, dada. Kitu ndicho kiushike mkono."

Mjukuu wangu mmoja alinionyesha kwenye simu mwaka huu vitu vinavyouzwa nje kwa ajili ya kamera kama ile. Kuna vifuniko vya ngozi vya nusu mwili, mishiko ya mbao iliyong'arishwa, vyuma vya shaba vya kuegemeza dole gumba, vibonyezo vipana vya kuongezea juu ya kibonyezo. Nilivitazama kimoja kimoja. Vizuri sana. Alitaka nishangae kwamba vitu vile vipo, na mimi nilikuwa nafikiri kwamba sisi tuliviunda vyote, mimi na mtu mmoja, katika banda la bati, bila kujua kama kuna mwingine duniani anavihitaji. Sikumwambia. Nilisema tu, "Ni vya watu wenye mikono mizima, hivi."

Kazi ya kwanza ya Fidelisi ilikuwa kuivalisha kamera kiatu. Ndivyo alivyosema, kwa sababu hakuwa na lugha nyingine. Aliloweka ngozi ya ng'ombe, akaiviringisha kwenye kamera iliyofunikwa nailoni, akaifunga kwa mpira wa baiskeli ikauke ikifuata umbo. Sehemu ya chini aliiita soli, mkanda wa nyuma akauita ulimi. Ilipendeza. Ila nilipotaka kubadilisha filamu ilibidi niivue yote, nikiwa mbele ya wateja, kwa vidole visivyojua kufungua kifungo. Na mvua zilipoanza, ngozi ikavimba, ikafunga kitundu cha kurudishia filamu. Akaikata nusu, ikabaki ya chini tu, akaitoboa mahali pa skrubu ya stendi. Kwa kupitia tundu hilo akafunga mshiko wa mbao ya mninga, umesimama upande wa mbele kama mgongo wa samaki, ili vidole vyangu viwe na pa kujikunja. Niliondoka nao nimefurahi, kama kufurahi ndilo neno. Baada ya juma moja nilirudi, akaniambia niweke kamera mezani. Mbao ilikuwa imekuwa nyeusi upande mmoja. Ilikuwa damu. Ukingo wa mninga ulikuwa unanikata siku zote hizo na mimi natembea nao, Michenga, Lupiro, kila mahali, nikiwaambia watu watabasamu. Fidelisi hakunilaumu. Alijilaumu yeye. Aliichukua ile mbao akaipiga patasi mpaka kona zote zikaisha, kisha akaifunika kwa sponji nyeusi ile laini anayoweka ndani ya viatu, na juu ya sponji ngozi ya mbuzi. "Nilisahau," akasema. "Nilidhani nimemtengenezea mtu wa kawaida."

Wakati huo mjini walikuwa wamekwisha kujua. Mtu akienda upande ule wa hospitali kila mwezi, hapana haja ya kutangaza. Kazi ya studio inataka kumgusa mtu: unamwinua kidevu, unamgeuza bega, unamlazia kola. Siku moja nikiwa nyuma ya pazia niliwasikia wanawake wawili kwenye benchi. "Ndiye huyo anayeshika watu nyuso?" "Ndiye." "Basi mimi nitajishika mwenyewe." Walisema bila ukali, kama wanaongelea mvua. Tangu siku hiyo nilijifunza kumpanga mteja kwa maneno: inua kidogo, geuka kwangu, teremsha bega, hapo hapo. Watu wengi walisema picha zangu zimekuwa bora, na huenda ni kweli, maana mtu asiyeguswa hukaa kama alivyo. Nyumbani, Mama Melania alinitengea sahani na kikombe, akavitia alama ya rangi nyekundu chini, akidhani sitaiona. Nilivitumia mwaka mzima, wali na samaki wa kitoga, ugali na mlenda, uji wa asubuhi, vyote kutoka sahani ile. Na ni Mama Melania huyo huyo ambaye kila jioni alichota maji ya uvuguvugu, akayapima kwa kiwiko chake kwanza, akaniloweka mikono, akaikagua kidole kwa kidole akitafuta majeraha nisiyoyajua, akanipaka mafuta ya nazi. Alinishika bila glovu. Halafu alikwenda kuosha vyombo vyangu peke yake. Nimejaribu miaka yote hii kuchagua ni yupi kati ya wale wawili aliyekuwa Mama Melania wa kweli, na nimeacha kujaribu.

Mzee Severini yeye hakusema lolote. Alianza tu kunipa safari nyingi zaidi za vijijini na kujaribu kulenga mwenyewe picha za studio, na wateja wakawa wanarudishiwa picha za watu wenye ukungu. Baadaye akanirudisha ndani, nalo hakulieleza. Siku shangazi yake Gaspari alipokuja, mimi nilikuwa chumba cha giza, taa zote zimezimwa, hata ile nyekundu, nahamisha filamu kutoka kwenye kamera kwenda kwenye chupa ya kusafishia. Ni kazi ya kupapasa tupu. Vidole vyangu vilikuwa havipapasi tena, nilikuwa nimejifunza kuifanya kwa midomo: naugusisha ukingo wa filamu mdomoni, najua kama umeingia kwenye mfereji wake. Nikasikia hodi, nikasikia shikamoo na marahaba, kiti kikavutwa. "Mzee, tumekuja kwa ile habari ya kijana wetu," shangazi akasema. "Si kwamba tunamchukia binti. Lakini wewe ni mzazi, unajua." Mzee akasema, "Mimi si mzazi wake. Ni binti wa kazi." "Basi hata hivyo, umfikishie," shangazi akasema. "Mkamfikishie wenyewe, yuko hapo nyuma ya pazia." Shangazi akashusha sauti ghafla. "Anatusikia?" "Masikio yake hayana ugonjwa," Mzee akasema. Sikuweza kutoka. Ningefungua pazia mwanga ungeingia, na ile filamu ilikuwa komunio ya kwanza ya watoto wa Michenga, haina wa kuirudia. Nikaendelea kuiviringisha, nikiigusisha mdomoni, mzunguko kwa mzunguko. Nilipomaliza na kufunga kifuniko, walikuwa wameondoka na Mzee alikuwa anafagia mbele, mahali palipokuwa safi. Gaspari mwenyewe hakuja. Aliacha tu kupita.

Nilipomsimulia Fidelisi, aliendelea kushona. Baadaye akasema, "Leta hiyo kamera." Hakuwa mtu wa kufariji. Alikuwa amegundua jambo: dole gumba langu la kulia lilikuwa bado linasikia, na kiungo cha pili cha kidole cha shahada pia, ingawa ncha yake ilikuwa imekufa. Kwa hiyo uzito wote wa kamera uhamie kwenye dole gumba. Alikata kipande cha shaba kutoka kwenye bawaba ya zamani, akakipinda kikatoka nyuma kama mkia, akakichomeka kwenye kile kireli cha juu cha kuwekea flashi. Dole gumba likapata pa kuegemea, mkono ukatulia. Tukashangilia, kisha nikamkumbusha kwamba ukumbini bila flashi sipigi kitu. Akakuna kichwa, akaunda mkono wa bati wa kufungia flashi pembeni. Juu ya kibonyezo aliongezea kingine kipana cha shaba, kama kifungo cha koti, ili nisibonyeze kwa ncha iliyokufa bali nikilalie kwa kiungo kinachosikia, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Kwenye pete ya lenzi akabandika kijiti cha raba, akakiita kisigino, nikakizungusha kwa mkono wa kushoto bila kutafuta. Mwisho, kitanzi cha ngozi cha kunifunga kwenye kifundo cha mkono. Ilionekana kitu cha ajabu. Watoto wa vijijini waliniuliza kama ni bunduki. Lakini haikuniponyoka tena, na kila jioni mikono yangu ilikwenda kwa Mama Melania bila mchubuko mpya.

Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, mji umejaa magunia na vumbi la pumba, Gaspari alipoingia studio na mchumba wake mpya, msichana wa Mahenge aliyeitwa Yustina. Hakuna studio nyingine iliyokuwa na maporomoko ya maji na ndege. Mzee alinitazama kwa macho yake ya ukungu, akasema kwa sauti ya chini, "Nitajaribu mimi." Nikasema, "Zitatoka na ukungu, Mzee." Akakaa pembeni. "Hujambo, Kandida," Gaspari akasema. Nikasema sijambo. "Mkono unaendeleaje?" "Haujambo." Alikuwa amevaa lile koti jeusi, la kila mtu, na lilimpwaya. Niliwakalisha, nikawapanga kwa maneno. Yustina alikuwa msichana mchangamfu, hakuwa ameambiwa chochote. Alijitazama kwenye kioo mbele yake akaona kola ya gauni imejikunja. "Dada, naomba unilazie hii kola," akasema, akaninyooshea shingo. Nilikwenda. Mkono ulikuwa umefika karibu, kamera ikining'inia kifundoni, Gaspari aliposema haraka, "Acha. Nitamlazia mimi." Akailaza kola. Aliilaza vibaya, ikabaki imesimama upande mmoja. Yustina akacheka akisema tazama mwanaume huyu, na mimi nikarudi nyuma ya kamera. Katika kidirisha walikuwa wanne. Nikasukuma kisigino kidogo, na kidogo tena, mpaka Gaspari na kivuli chake wakawa Gaspari mmoja, nikalaza kiungo cha kidole juu ya shaba.

Watu huniuliza, wakijua habari hii, nilisikia nini. Wanataka niseme nililia chumba cha giza. Nilichofanya ni kuitazama picha ikija kwenye maji, kwanza nywele, halafu macho, halafu kola iliyosimama upande mmoja, na nilichofikiri ni kwamba imetulia. Haikuwa na mtikisiko hata kidogo. Ungeweza kuhesabu nyusi. Mzee aliposogeza jicho lake zuri alikaa nayo muda mrefu, kisha akachapa nyingine kubwa na kuiweka kwenye dirisha la mbele, kwa kuwa ilikuwa picha bora tuliyotoa mwaka ule na yeye alikuwa mfanyabiashara. Nilipita mbele yake asubuhi na jioni. Ilififia kwa jua kama zingine zote.

Dawa zilipokwisha nilikwenda kwa daktari mara ya mwisho. Alinikalisha, mkono wangu mezani kiganja juu, akanyofoa kipande cha pamba akakisokota mpaka kikawa chembamba kama uzi. "Funga macho," akasema. "Nitakugusa hapa na pale. Ukisikia, niambie." Nikafunga. Nilitaka sana kumpendeza; alikuwa mtu mwema na alikuwa amefanya kazi. Nikasikiliza mkono wangu kama mtu anavyosikiliza nyumba asiyojua kama ina watu. Mwishowe nikasema, "Hapo, kidole cha pete. Nimesikia."

"Bado sijakugusa," daktari akasema.

Nikafumbua macho. Pamba ilikuwa bado mikononi mwake. Hakucheka wala hakusikitika. Aliiweka chini, akaniambia ugonjwa umekwisha mwilini, nimepona, nisirudi ila nikipata kidonda. Nikamshukuru. Nilitoka nje, jua lilikuwa kali, nikazunguka mpaka karakana.

Fidelisi alikuwa anafunga vifaa vyake kwenye gunia. Alikuwa amepata shamba Mchombe, akitaka kuondoka kabla ya mvua. Aliniuliza daktari amesemaje, nikamwambia nimepona. "Vizuri," akasema. Kisha akaomba kamera. Alikuwa amebakiza sponji nzuri kidogo na alitaka kunibadilishia ile ya zamani iliyokuwa imelala. Nikakaa kwenye kigoda nikimtazama akikata, akipaka gundi, akibana kwa magoti. Alipomaliza akanivalisha kitanzi kifundoni, akakaza, akaingiza kidole chake chini ya ngozi kuona kama hainibani, maana mimi nisingejua. Akaenda kusimama mlangoni, penye mwanga. "Jaribu," akasema. Nikainua kamera. Uzito ukaenda kwenye dole gumba, vidole vikalala mahali pake. Katika kidirisha kulikuwa na Fidelisi wawili, mmoja amesimama na mwingine kama anaondoka. Nikazungusha mpaka wakawa mmoja. Hakutabasamu. Alinitazama tu, mikono imeshuka, vumbi la ngozi kwenye nywele. Nikabonyeza.

"Umenipata?" akauliza.

"Nimekupata."

Hakukuwa na filamu ndani. Filamu zilikuwa za wateja, na mimi na yeye tulikuwa tunajaribu mshiko tu.